Uhai wa Betri ya Simu: Somo la Baridi na Joto Kutoka Igowole

UTANGULIZI

Igowole ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Nyanda za Mufindi hufika meta 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, nazo zinajulikana kwa chai, mbao na mahindi. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti baridi huwa kali, na asubuhi nyingine sakitu huonekana mabondeni, ikiyaunguza hata majani ya chai.

Katika majira hayo hutokea jambo linalowasumbua watu wengi. Mkulima huondoka nyumbani alfajiri, simu yake janja ikionyesha kwamba betri ina asilimia 25 ya chaji. Afikapo shambani, akiitoa ili apige simu, huzimika ghafla. Saa sita mchana, jua likiwa limekwisha kuchomoza vema, simu ileile huwashwa na kuonyesha kwamba chaji ingali imebaki. Mkulima huyo aghalabu husema, "Betri imekufa," naye huenda kwa fundi kununua nyingine. Fedha hiyo yaweza kuwa imetupwa bure, kwa sababu betri haikufa.

Kwa upande mwingine, simu iliyochajiwa usiku kucha chini ya mto, au iliyolazwa juani kando ya paneli ya sola, haionyeshi dalili yoyote ya kuumia. Asubuhi husoma asilimia 100, na mwenyewe hufurahi. Kumbe hiyo ndiyo inayozeeka. Kwa ufupi, baridi huidhoofisha betri kwa muda na mtu akaona; joto huiharibu moja kwa moja na mtu asione. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za jambo hilo, na kuonyesha desturi za kuchaji zinazoweza kurefusha maisha ya betri.

Jambo hili si dogo. Simu leo ni barua, redio, kitabu, na kwa watu wengi ni mkoba wa fedha. Betri ikizimika, mwenye simu hawezi kupokea malipo ya mazao yake wala kumtumia mtoto nauli ya kurudi shuleni. Zaidi ya hayo, simu nyingi za siku hizi zimefungwa kwa gundi, na mwenyewe hawezi kubadilisha betri kwa urahisi kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo umri wa betri mara nyingi ndio umri wa simu yenyewe.

BETRI YA LITHIAMU NI KITU GANI?

Betri ya simu janja ni ya aina iitwayo betri ya ioni za lithiamu. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko metali zote, nayo hutoa elektroni yake kwa urahisi sana. Betri hiyo haikubuniwa na mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham alionyesha kwamba ioni za lithiamu zaweza kuingizwa katikati ya matabaka ya mango na kutolewa tena. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford nchini Uingereza, walionyesha ubora wa oksaidi ya kobalti na lithiamu. Katika kipindi hichohicho Rachid Yazami, mwanasayansi mzaliwa wa Moroko aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu yaweza kuingia na kutoka katika kinywe kwa njia ya umeme. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliunda betri iliyokuwa msingi wa zile za leo, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuziuza. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Betri hiyo ina sehemu nne kubwa:

(a) Anodi, ambayo ni upande hasi. Hii hutengenezwa kwa kinywe, yaani kaboni iliyojipanga katika matabaka.

(b) Kathodi, ambayo ni upande chanya. Katika simu nyingi hii ni oksaidi ya kobalti na lithiamu, LiCoO₂.

(c) Elektroliti, ambayo ni kiowevu chenye chumvi ya lithiamu. Ioni hupita ndani yake, lakini elektroni hazipiti.

(d) Kitenganishi, ambacho ni utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu vidogo mno. Kazi yake ni kuzuia anodi na kathodi zisigusane.

Mwanafunzi wa Mufindi, wilaya yenye kiwanda cha karatasi huko Mgololo, anaweza kukifikiria kinywe kuwa kama rimu ya karatasi. Kila karatasi ni tabaka moja la atomi za kaboni. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika kathodi, huogelea katika elektroliti, hupenya kitenganishi, kisha hujichomeka katikati ya karatasi hizo. Kinywe kikijaa kabisa, kila atomi sita za kaboni huwa zimepokea atomi moja ya lithiamu, na rimu yote huvimba kwa kiasi cha asilimia 10. Simu inapotumiwa, ioni hurudi zilikotoka, na elektroni hupita nje, katika saketi ya simu, zikifanya kazi. Mabadiliko hayo huandikwa hivi:

LiCoO₂ + C₆ ⇌ Li₁₋ₓCoO₂ + LiₓC₆

Mshale wa kwenda kulia ni kuchaji. Wa kurudi kushoto ni kutumia. Kama mambo yote yangekuwa hivyo tu, betri ingedumu milele, maana ni ioni zilezile zinazokwenda na kurudi. Lakini sivyo ilivyo.

KWA NINI BETRI HUZEEKA?

Elektroliti haiwezi kustahimili kikamilifu kukaa kando ya kinywe kilichojaa lithiamu. Inapokigusa huvunjika kidogo, na mabaki yake hufanya utando mwembamba juu ya kinywe. Utando huo una faida, kwa sababu huzuia elektroliti iliyobaki isiendelee kuvunjika kwa kasi. Hata hivyo una gharama: hunasa lithiamu ndani yake, na lithiamu iliyonaswa hairudi tena kazini. Kadiri miaka inavyopita utando huwa mnene, lithiamu hupungua, na ukinzani wa ndani huongezeka. Huko ndiko kuzeeka kwa betri.

Mambo matatu hasa huuharakisha uzee huo.

La kwanza ni joto. Mwalimu wa kemia hufundisha kwamba mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kutoa picha. Wastani wa joto kwa mwaka katika nyanda za chai za Mufindi ni kiasi cha nyuzi 16 hadi 17, ilhali Dar es Salaam ni kiasi cha nyuzi 26. Tofauti ni karibu nyuzi 10. Kwa hiyo simu mbili za aina moja, zikihifadhiwa kivulini bila kutumiwa, ile ya Igowole itazeeka kwa karibu nusu ya mwendo wa ile ya Dar es Salaam. Baridi inayolaumiwa kila mwezi wa Julai kumbe ni mlinzi wa betri. Bila shaka simu inayokaa mfukoni hupata joto la mwili, na simu inayofanya kazi hujitia joto yenyewe. Hivyo tofauti hiyo hupungua katika matumizi ya kila siku.

La pili ni kukaa na chaji nyingi mno kwa muda mrefu. Betri ikiwa na asilimia 100, volteji yake hufika 4.2, na katika betri nyingi za siku hizi 4.4 au zaidi. Katika hali hiyo kathodi imenyang'anywa lithiamu nyingi na kinywe kimejaa. Pande zote mbili hazijatulia, na elektroliti huvunjika upesi. Jedwali lifuatalo linaonyesha makadirio yanayotumiwa sana kuhusu uwezo unaobaki baada ya betri kuhifadhiwa kwa mwaka mmoja:

Joto la nyuzi 0: ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiza asilimia 98, ikiwa imejaa, asilimia 94.

Joto la nyuzi 25: ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiza asilimia 96, ikiwa imejaa, asilimia 80.

Joto la nyuzi 40: ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiza asilimia 85, ikiwa imejaa, asilimia 65.

Tarakimu hizo hutofautiana kwa kila aina ya betri, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Yafaa mwanafunzi azitazame kwa makini. Joto peke yake hudhuru. Kujaa peke yake hudhuru. Lakini vyote viwili vikikutana, hasara huwa kubwa kuliko zote. Na ndivyo vinavyokutana simu inapochajiwa usiku kucha chini ya mto.

La tatu ni mizunguko. Kila mara kinywe kinapovimba na kusinyaa, nyufa ndogo hutokea, na utando mpya hujengwa juu ya nyufa hizo. Mzunguko mmoja ni matumizi ya jumla ya asilimia 100. Mtu akitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, akichaji kila siku, amefanya mzunguko mmoja tu, wala si miwili. Kwa hiyo dhana kwamba kuchaji mara nyingi kidogo kidogo kunaimaliza betri si ya kweli. Kinyume chake, safari fupi za ioni huumiza betri kidogo kuliko safari ndefu ya kutoka 100 mpaka 0.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwezi wa Juni 2025 zinataka betri ya simu janja ibakize angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Hebu kipimo hicho kitumike katika hesabu. Mtu anayetumia asilimia 70 ya betri kila siku hufanya mizunguko 0.7 kwa siku. Mizunguko 800 itamchukua siku 800 ÷ 0.7, yaani siku 1,143, ambayo ni miaka 3 na mwezi mmoja na nusu hivi. Akipunguza mwanga wa kioo na kufunga programu asizozihitaji, matumizi yakashuka hadi asilimia 50, atapata siku 1,600, yaani miaka 4 na zaidi ya miezi minne. Mwaka mzima na ushee umepatikana bila ya kutumia hata senti moja.

KITENDAWILI CHA SIMU INAYOZIMIKA ALFAJIRI

Sasa inawezekana kurudi kwa yule mkulima wa chai. Elektroliti, kama samli, huwa nzito katika baridi. Ioni hutembea pole pole, na ukinzani wa ndani wa betri huongezeka. Kanuni ya fizikia ni hii:

V = E − Ir

Hapa E ni volteji ya betri isipotoa mkondo, I ni mkondo, r ni ukinzani wa ndani, na V ni volteji inayoifikia simu. Uchukuliwe mfano wa betri yenye E ya volti 3.6, ikitoa mkondo wa ampea 1. Mchana, r ikiwa omu 0.1, simu hupata volti 3.5. Alfajiri, r ikipanda hadi omu 0.5, simu hupata volti 3.1 tu. Ikiwa simu imepangwa kuzimika volteji ishukapo chini ya 3.2, itazimika, ijapokuwa chaji ingalimo ndani. Jua likipanda, r hushuka, na simu hufufuka.

Betri nzee ina ukinzani mkubwa hata kabla ya baridi kuja. Ndiyo maana huzimika mapema kuliko mpya. Basi kabla ya kuihukumu betri, na ijaribiwe mchana ikiwa na joto la kawaida. Ikifanya kazi vema wakati huo, dawa yake ni kuibeba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, wala si kununua nyingine. Ikizimika hata mchana wakati inaonyesha asilimia 20 au 30, hapo ndipo uzee umethibitika.

Jambo moja la hatari kuhusu baridi halina budi kutajwa. Betri haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Katika hali hiyo ioni hushindwa kujichomeka upesi katika kinywe, hujirundika juu yake kuwa metali ya lithiamu, na huko ni kuharibika kusikorudi nyuma. Ndani ya nyumba za Igowole joto kwa kawaida halishuki kiasi hicho. Lakini simu iliyoachwa nje usiku wa sakitu, kisha ikachomekwa chaja ya pikipiki alfajiri, yaweza kufikwa na jambo hilo. Iingizwe ndani kwanza, ipate joto lenyewe taratibu. Kuiweka kando ya jiko la mkaa ili ipate joto upesi ni kuikimbia mvua na kuangukia mtoni.

MWENDO WA CHAJI: MFANO WA BASI

Wengi wameona kwamba simu hupanda kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa haraka, lakini kutoka 80 hadi 100 hukawia. Watu hudhani chaja imechoka. Sivyo. Basi litokalo Mafinga kwenda Igowole linapoanza kupakia, abiria wa kwanza hukaa popote wapendapo. Wa mwisho hawana budi kubanana, na kila mmoja huchukua muda kupata nafasi. Ioni pia ndivyo zilivyo. Kwa hiyo chaja na simu hushirikiana: kwanza hutoa mkondo usiobadilika mpaka volteji ifike kikomo chake, kisha volteji hushikiliwa palepale, na mkondo hupunguzwa kidogo kidogo mpaka karibu na sifuri. Kukisukuma kinywe kilichojaa kwa mkondo mkubwa kungeleta rundo la metali lililotajwa hapo juu.

DESTURI ZINAZOFAA

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, desturi zifuatazo zaweza kufuatwa. Mwanafunzi asizikariri tu, bali atafute sababu ya kila moja.

1. Chaji ibaki, kwa kadiri inavyowezekana, kati ya asilimia 20 na 80. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Hata hivyo simu ni mtumishi, si bwana. Siku ya safari ndefu, au umeme unapotazamiwa kukatika, ijazwe mpaka 100 bila wasiwasi; kinachodhuru hasa ni kukaa imejaa kwa saa nyingi, siku baada ya siku.

2. Simu isichajiwe chini ya mto, juu ya godoro wala ndani ya blanketi. Iwekwe juu ya meza au sakafu kavu. Ikipata moto, kava livuliwe.

3. Anayetumia sola aache paneli juani, lakini simu iwe kivulini, hata kama ni lazima kutafuta waya mrefu zaidi. Kioo cheusi cha simu hunyonya joto la jua upesi sana, hata siku ambayo upepo ni wa baridi.

4. Katika vibanda vya kuchaji simu, ambako simu nyingi hukusanywa mahali pamoja, zisirundikwe moja juu ya nyingine. Mwenye simu aifuate mapema, badala ya kuiacha imejaa tangu asubuhi hadi jioni.

5. Kama hakuna haraka, chaja ya nguvu ndogo ni bora, kwa sababu joto linalotokea katika ukinzani hufuata kanuni ya I²r: mkondo ukiwa maradufu, joto kwa kila sekunde huwa mara nne. Chaja ya haraka itumike wakati wa haja.

6. Simu isitumiwe kwa michezo au picha za video inapochajiwa, maana joto la kazi na joto la chaji hujumlishwa.

7. Simu isiachwe ikazimika kwa kuishiwa kila siku. Na iliyozimika ichajiwe mapema, kwa sababu betri inayoendelea kushuka chini ya kikomo chake kwa wiki nyingi huweza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake na isifufuke tena.

Desturi hii ya mwisho inawahusu zaidi wanafunzi wa bweni, ambao huziacha simu zao nyumbani muhula mzima. Simu iliyoachwa na asilimia 5 yaweza kukutwa imekufa kweli wakati wa likizo. Iliyoachwa na asilimia 100 itakuwa imezeeka bure. Iachwe na asilimia 50 hivi, izimwe kabisa, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Kama muhula ni mrefu, ndugu aliye nyumbani aombwe kuiongezea chaji kidogo baada ya miezi kadhaa.

IMANI ZILIZOPITWA NA WAKATI

Wapo wanaoshauri kwamba simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kuwashwa, na kwamba kila mara iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe. Ushauri huo haukuzuka hewani. Simu za mkononi zilipoingia Tanzania katika miaka ya 1990, nyingi zilitumia betri za nikeli. Betri ya nikeli na kadimi, iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899, huweza kupoteza sehemu ya uwezo wake ikizoeshwa kuchajiwa kabla ya kwisha. Kwa betri hiyo, ushauri ulikuwa sahihi. Betri imebadilika, ushauri ukabaki. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo. Kuimaliza kabisa kila siku ni kuidhuru. Hapa pana funzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi: kanuni ikitenganishwa na sababu yake, hugeuka kuwa mazoea, na mazoea huweza kuishi kuliko kitu kilichoyazaa.

GHARAMA YA UMEME

Yafaa pia ijulikane kwamba faida ya desturi hizi haiko katika kuokoa umeme. Betri ya miliampea-saa 5,000 yenye wastani wa volti 3.85 hubeba 5 × 3.85, yaani wati-saa 19.25. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto, soketi hutoa kiasi cha wati-saa 25. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Basi uniti moja huweza kujaza simu hiyo mara 40. Mtambo mdogo wa maporomoko ya Mwenga, ulioko wilayani Mufindi na ulioanza kutoa umeme mwaka 2012, una uwezo wa megawati 4. Ukifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa moja hutoa wati-saa 4,000,000, zinazotosha kujaza simu 160,000. Umeme wa simu ni rahisi. Kilicho ghali ni betri.

Na betri ni ghali kwa sababu ya vitu vilivyomo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi. Kinywe kinapatikana Tanzania, mathalani Mahenge mkoani Morogoro. Madini ya Afrika husafiri mbali, yakarudi yakiwa betri, yakanunuliwa kwa fedha za kigeni. Kila betri inayodumu miaka minne badala ya miwili ni nusu ya mzigo huo uliopunguzwa.

TAHADHARI

Betri iliyovimba ina gesi zilizotokana na kuvunjika kwa elektroliti. Isichajiwe tena, isikandamizwe, wala isitobolewe. Simu izimwe, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipelekwe kwa fundi anayeifahamu kazi hiyo. Kitenganishi kikipasuka, anodi na kathodi hugusana, joto hupanda ghafla, na elektroliti, ambayo ni kiowevu kinachowaka, hushika moto. Katika nyumba za mbao na magodoro ya sponji, dakika chache zatosha kuleta maafa. Betri mbovu isitupwe motoni wala chooni.

MAJARIBIO

Jaribio la 1. Simu yenye asilimia 20 ichajiwe. Kila baada ya dakika 10 asilimia iandikwe mpaka ifike 100. Chora grafu ya asilimia dhidi ya muda. Mstari huanza kulala wapi? Eleza kwa mfano wa basi.

Jaribio la 2. Tungi ya kipimajoto ishikizwe nyuma ya simu kwa pamba. Soma joto baada ya dakika 20 za kuchaji: kwanza simu ikiwa bila kava, kisha ikiwa na kava, kila mara ikianza na asilimia ileile. Joto likizidi nyuzi 40, jaribio likomeshwe.

Jaribio la 3. Betri mbili kavu za tochi, mpya na za aina moja, zitumike. Moja ilale nje usiku wa Julai, nyingine ndani. Alfajiri, kila moja iwashe balbu ndogo ileile, na volteji ipimwe kwa voltimita balbu ikiwaka. Linganisha. Rudia saa sita mchana. Betri ya simu isitumike katika jaribio hili, wala isifunguliwe kwa sababu yoyote.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya betri iliyopungukiwa nguvu kwa baridi na betri iliyozeeka. Utazitambuaje bila ya kuifungua simu?

2. Betri hufanya mizunguko 0.8 kwa siku. Itafikisha mizunguko 800 baada ya siku ngapi?

3. Mkondo wa kuchaji ukiongezwa kutoka ampea 1 hadi ampea 3, joto linalotokea katika ukinzani uleule kwa kila sekunde huongezeka mara ngapi?

4. Mzee mmoja anashikilia kwamba simu lazima iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Andika aya moja ya kumweleza, kwa heshima, kwa nini ushauri wake ulikuwa sahihi zamani na kwa nini haufai sasa.

HITIMISHO

Betri haitunzwi kwa hirizi wala kwa kuitazama kila dakika. Hutunzwa kwa kukumbuka mambo mawili: isipate joto, na isikae imejaa bila sababu. Mkazi wa Igowole amekwisha kupewa la kwanza na nchi yake yenyewe, maadamu hatalipoteza jikoni, juani au chini ya mto. La pili li mikononi mwake. Alfajiri ya Julai simu ikizimika shambani, asiitupe. Na aitie mfukoni, aendelee kuchuma chai, angoje jua.